Saa Sita Mchana, Upepo wa Kaskazini-Magharibi

Mwaka 1859 mshairi mmoja wa Paris alikuwa amekwenda kukaa kwa mama yake huko Honfleur, mji mdogo wa bandari katika jimbo la Normandy, kaskazini mwa Ufaransa. Alikuwa Charles Baudelaire, mtu wa mjini hasa, mwenye madeni mengi na ulimi mkali, asiye na subira na wachoraji wa miti na ng'ombe. Mjini hapo akaingia kwenye chumba cha kazi cha mchoraji ambaye Paris ilikuwa haijamjua. Mwenyeji wake, Eugène Boudin, alikuwa na umri wa miaka 34. Picha yake moja ya mafuta, ya watu wa Bretagne kwenye sikukuu ya mtakatifu wao, ilikuwa ndiyo kwanza imekubaliwa katika Salon, maonyesho makuu ya mji mkuu. Lakini siyo hiyo iliyomduwaza mgeni.

Kilichomduwaza ni karatasi. Zilikuwa mamia, ndogondogo, nyingi hazizidi ukubwa wa daftari la shule, zimejaa vumbi la rangi. Hakuna nyumba, hakuna mtu, mara nyingine hata ardhi haimo ila mstari mwembamba chini kabisa, wa bahari au wa ufukwe. Kilichobaki chote ni mbingu. Na pambizoni, kwa penseli, mchoraji ameandika siku, saa na upepo: mwezi Oktoba, saa sita mchana, upepo wa kaskazini-magharibi. Zile nyingine vivyo hivyo.

Baudelaire alipoandika tathmini yake ya Salon ya mwaka ule katika gazeti la Revue française, alitoka nje ya ukumbi wa maonyesho ili azungumzie karatasi hizo, ambazo hazikuwamo. Aliwaambia wasomaji wake kwamba mtu aliyepata nafasi ya kuyazoea mawingu yale angeweza kuyafunika maandishi kwa kiganja, akatazama picha tupu, na bado akabashiri majira, saa na upepo. Akasisitiza kuwa hatii chumvi. Tena akakiri jambo moja lisilotarajiwa kwake, yeye aliyependa picha ziwe na binadamu: mbele ya mbingu zile hakuwahi hata mara moja kuona kwamba mtu amekosekana.

Hapa pana kichekesho kidogo. Mshairi huyo alimwandikia rafiki yake Nadar, mpiga picha, akikiri kwamba ile tathmini aliiandika bila kuitazama Salon, kisha akajirekebisha: aliingia mara moja tu. Picha nyingi alizozihukumu mwaka ule, basi, alizipitia kwa haraka ya mpita njia. Mawingu ya Boudin ndiyo aliyokaa nayo. Mkumbuke huyo Nadar, atarudi.

Nimeanzia pambizoni makusudi. Wanahistoria wa sanaa wanapomtaja Boudin humtaja kama mlango wa kuingilia kwa Monet, na picha zake zinazojulikana zaidi ni zile za matajiri waliokaa vitini ufukweni wakiwa na magauni mapana. Mimi naona jambo lake kubwa liko katika yale maneno matatu ya penseli. Mchoraji hana haja ya kuandika upepo, kwa kuwa upepo hauchorwi. Anayeandika upepo ni baharia.

Naye Boudin alikuwa mwana wa baharia. Alizaliwa Honfleur tarehe 12 Julai 1824. Baba yake alikuwa mtu wa majini, na mama yake pia alifanya kazi melini, akihudumia abiria. Mtoto mwenyewe alianza kazi akiwa na miaka kama kumi, akitumwa huku na kule kwenye chombo kilichokuwa kikivuka mlango wa mto Seine kati ya Honfleur na Le Havre, bandari kubwa ya ng'ambo. Safari moja alitumbukia majini, nusura afe. Mwaka 1835 familia ikahamia Le Havre, na huko utoto wake wa majini ukaishia. Akawekwa kazini kwa mchapishaji, kisha kwa muuza vifaa vya kuandikia.

Mlango wa Seine si mahali pa kumfundisha mtu kwamba mbingu ni pazia la buluu nyuma ya mambo muhimu. Maji hujaa na kupwa kwa nguvu, tope linabaki wazi, boti zinalala ubavu, kisha baada ya saa chache zinaelea. Mawingu yanaingia kutoka bahari ya Manche bila kupiga hodi. Asubuhi moja inaweza kuwa na ukungu, rasharasha, jua na mvua, kila kimoja kwa zamu yake. Mtoto wa chombo huchungulia juu kabla ya kuchungulia mbele, na wasomaji wa pwani, waliokua wakisikia wazee wakibishana kama kusi limeshaingia au bado, hawahitaji kuelezwa kwa nini.

Mwaka 1844 yeye na mwenzake walifungua duka lao wenyewe Le Havre, la karatasi, kalamu na fremu za picha. Wachoraji waliopita Normandy wakati wa kiangazi walileta picha zao zifungwe fremu, na kijana akazitundika dirishani. Alipita Constant Troyon, mchoraji wa ng'ombe. Alipita Eugène Isabey, wa meli na dhoruba. Na alipita Jean-François Millet, mwana wa mkulima kutoka Normandy hiyohiyo, ambaye wakati ule alikuwa akijikimu kwa kuwachora watu sura zao kwa bei ya kutupa. Millet aliona michoro ya muuza fremu, akaishika, akaisahihisha. Wachoraji hao hawakumdanganya; walijua wenyewe njaa ya kazi ile ilivyo, na walimwambia. Akiwa na miaka 22 Boudin aliacha duka, akashika rangi.

Rangi gani? Ya mafuta, ndiyo, kama kila aliyetaka kuitwa mchoraji. Lakini ufukweni, upepo ukivuma, alichokuwa nacho mkononi mara nyingi ni pasteli.

Pasteli ni kitu kisicho na siri. Rangi inasagwa mpaka iwe unga, inachanganywa na unga mweupe wa chaki, inatiwa gundi ya mti kidogo mno, inaviringishwa ikiwa mbichi kuwa vijiti, inaachwa ikauke. Gundi inatosha tu kukizuia kijiti kisisambaratike mkononi. Aliyewahi kuandika ubaoni anaijua nusu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba chaki ya darasani karibu yote ni unga mweupe, rangi imepitishwa tu kwa mbali, ilhali pasteli nzuri imeshiba rangi. Ukiigusa tu, kidole kimepakwa. Karatasi yake haipaswi kuwa laini. Iwe na ukwaruzo, mfano wa msasa mwepesi, vumbi lipate pa kushika. Wachoraji walipenda karatasi yenye rangi yake tayari, ya kijivu au ya buluu iliyofifia, ili pale wasipogusa pawe tayari ni sehemu ya picha.

Mtazame Boudin kwenye karatasi moja. Ya kijivu, amekaa chini, ameiegemeza gotini. Anachukua kijiti cha buluu, hakishiki kwa ncha bali anakilaza ubavu na kukiburuta upande wa juu, mara mbili. Kwa kidole cha kati anaipangusa buluu ile ielekee chini ikififia, kwa sababu mbingu haina rangi moja: juu ya utosi ni nzito, karibu na bahari imechujuka. Kijivu cha karatasi kinabaki kuwa tumbo la wingu. Kisha anachukua nyeupe, na sasa hapangusi. Anaibonyeza. Unga mzito unabaki umevimba juu ya karatasi, na huo ndio upande wa wingu unaopigwa na jua. Nyuma ya wingu lingine anapitisha manjano iliyofifia, mstari mmoja tu wa zambarau unaonyesha mvua iko mbali, upande wa Le Havre. Pengine dakika kumi. Wingu lenyewe limeshakwenda zake. Anageuza penseli, anaandika saa.

Kwa mafuta kazi hiyo haifanyiki hivyo. Mafuta yanataka kuchanganywa kwanza, yanataka brashi, na rangi ya chini ikiwa mbichi ukiweka nyingine juu zinavurugana zikawa tope. Pasteli haisubiri kukauka kwa sababu haijawahi kulowa. Lakini uharaka siyo sababu pekee. Mafuta yanaifunika kila punje ya rangi kwa utando unaong'aa, na utando huo miaka ikipita hugeuka manjano. Kwenye pasteli punje ziko tupu. Mwanga unaziangukia na kutawanyika kila upande, ndiyo maana picha inaonekana kama inatoa mwanga wake yenyewe, bila kumeremeta. Wingu nalo ni hivyo hivyo. Ni vumbi la maji linalotawanya mwanga. Boudin alichora vumbi kwa vumbi.

Na buluu ile aliipata wapi, kijana asiye na pesa? Kwa karne nyingi buluu bora kuliko zote, ile waliyoiita ya ng'ambo ya bahari, ilisagwa kutoka kwenye jiwe la lapis lazuli lililochimbwa milima ya Afghanistan, na bei yake ilikaribiana na ya dhahabu. Mwaka 1824, mwaka uleule aliozaliwa Boudin, chama kimoja cha kuendeleza viwanda huko Paris kilitangaza zawadi ya faranga 6,000 kwa atakayeweza kuitengeneza kwa ustadi wa kikemia, tena isizidi faranga 300 kwa kilo. Zawadi ilichukuliwa mwaka 1828 na Jean-Baptiste Guimet. Kuanzia hapo mbingu ilishuka bei. Mwana wa baharia aliweza kuimaliza ikawa kipande kisichoshikika, akanunua nyingine.

Pasteli yenyewe ilikuwa imeshuka hadhi pia. Karne iliyotangulia ilikuwa chombo cha majumba ya kifahari. Rosalba Carriera alitoka Venice akafika Paris mwaka 1720, na mji mzima ukataka kuchorwa na mwanamke yule aliyeweza kuonyesha ngozi, hariri na poda usoni kwa vijiti vya unga. Baada yake alikuja Maurice Quentin de La Tour, mchoraji wa mfalme. Yalipotokea Mapinduzi ya mwaka 1789, sanaa hiyo ikanuka utawala uliopinduliwa, nywele za bandia na poda. Ikatupwa pembeni, ikabaki kazi ya mazoezi na ya mabinti wa watu. Waliokuja kuiokota, wakaipeleka kwenye mawingu na matuta ya mashamba, ni mwana wa baharia na mwana wa mkulima. Sijui kama wao wenyewe waliuona mzaha huo wa historia.

Mji wa Le Havre ulimpa Boudin msaada wa masomo: miaka mitatu Paris, kuanzia mwaka 1851, faranga 1,200 kwa mwaka. Walitarajia awarudishie mchoraji wa kueleweka. Alikwenda akanakili picha za mabingwa wa zamani katika Louvre, hasa Waholanzi, ambao nao waliishi kwenye nchi tambarare yenye mbingu kubwa. Kisha akarudi na mawingu. Wafadhili hawakufurahi. Mnada wa picha zake mwaka 1857 ulimletea pesa kidogo. Miaka michache baadaye, akiwa Paris tena na njaa ileile, alifanya kazi kwa Troyon, yuleyule wa ng'ombe aliyepita dukani zamani. Troyon alikuwa sasa tajiri, oda zimemzidi. Boudin alikuwa akimchorea mbingu. Wanunuzi walilipia ng'ombe wa Troyon, wakapewa na mawingu ya Boudin bure.

Lakini kabla ya hapo lilitokea lile linalomfanya atajwe vitabuni.

Le Havre palikuwa na duka jingine la fremu, la bwana Gravier, na dirishani mwake kulikuwa na katuni za vigogo wa mji zilizochorwa na kijana wa miaka kumi na saba. Kijana alikuwa na kiburi na mfuko wenye pesa, maana kila katuni iliuzwa hadi faranga 20. Jina lake Claude Monet. Juu ya katuni zake Gravier alitundika picha za bahari za Boudin, na Monet, kwa maneno yake mwenyewe alipokuwa mzee, alizichukia kiasi kwamba alikuwa akikwepa kukutana na aliyezichora. Siku moja akaingia dukani bila kuangalia nani yuko ndani. Gravier akawakutanisha hapohapo.

Boudin alimsifia katuni zake. Halafu akamwambia asiishie hapo. Ajifunze kuitazama bahari, mbingu, wanyama, watu na miti kama vilivyoumbwa. Monet alijibu kwa adabu na kutoa visingizio. Akaalikwa tena, akatoa visingizio tena. Mzee yule (si mzee, alikuwa na miaka 33, lakini kwa kijana wa kumi na saba ni mzee) hakukasirika. Kiangazi cha mwaka 1858 Monet alichoka kukataa, wakatoka pamoja kwenda Rouelles, kijiji kilicho nje kidogo ya mji. Boudin akaweka vifaa vyake, akaanza. Monet alimtazama kwa mashaka, kisha kwa makini, kisha, alivyokuja kusimulia, kama pazia lililochanika machoni pake. Maisha yake yote alisema kwamba kama amekuwa mchoraji, anayestahili shukrani ni Boudin.

Hii hadithi husimuliwa kana kwamba Boudin alimfundisha Monet kuchora nje. Kuchora nje hakukuwa kugeni. John Constable wa Uingereza alikuwa amechora mawingu ya Hampstead kwa mafuta mwaka 1821 na 1822, na nyuma ya karatasi akaandika saa na upepo, kama Boudin baadaye. Boudin alichompa Monet ni jeuri ya kuamini kwamba saa ya tukio ni sehemu ya tukio. Mbingu ya saa sita na ya saa kumi ni vitu viwili, haviwezi kukaa katika picha moja. Miaka thelathini na zaidi baadaye Monet alipochora uso uleule wa kanisa kuu la Rouen tena na tena, akibadilisha turubai kila mwanga ulipobadilika, alikuwa anafanya kwa mafuta, na kwa utajiri wa muda, jambo lililokuwa limeshaandikwa pambizoni kwa penseli.

Millet naye alifika kwenye pasteli kwa njia yake. Tangu mwaka 1849 aliishi Barbizon, kijiji kilicho ukingoni mwa msitu wa Fontainebleau, akiwa na mke na watoto wengi wa kulisha. Mwaka 1865 msanifu majengo mmoja wa Paris, Émile Gavet, alianza kumwagizia pasteli moja baada ya nyingine. Laiti ingewezekana, asingemwacha afanye kingine. Millet hakupangusa kwa kidole kama Boudin. Kwanza alichora kwa kalamu nyeusi, umbo zima, kisha akapitisha rangi kwa mistari mifupi, mmoja kando ya mwingine, karatasi ikichungulia katikati. Mkono wake ulitembea kama wa mtu anayelima: tuta, tuta, tuta.

Iliyonishika zaidi kati ya hizo haina hata mbingu. Iko Boston, katika jumba la makumbusho la mji huo, na inaonyesha maua ya porini, yale ya manjano yanayogeuka kuwa mpira wa nyuzi nyeupe zinazopeperushwa na upepo. Millet ameyachora akiwa ameinama mpaka chini, usawa wa jicho la sungura. Baadhi yamefunguka, baadhi yamefumba, matatu manne yameshakuwa vumbi linalosubiri upepo. Ni magugu. Mkulima huyang'oa. Mwana wa mkulima ameyapa karatasi nzima, na ule mpira mweupe wa mbegu umefanywa kwa mikwaruzo michache ya unga ambayo ukiipuliza ingetoka kweli.

Millet alifariki Januari 1875. Mwezi Juni mwaka huo Gavet aliuza mkusanyiko wake, kazi 95, katika nyumba ya minada ya Hôtel Drouot. Karani mmoja Mholanzi wa miaka 22, aliyekuwa akifanya kazi kwa wauza picha mjini, aliingia kwenye chumba zilimopangwa, akamwandikia mdogo wake kwamba alijihisi kama anayepaswa kuvua viatu, kwa kuwa anasimama mahali patakatifu. Karani huyo alikuwa Vincent van Gogh, na bado hakuwa mchoraji.

Mwaka mmoja kabla, kuanzia tarehe 15 Aprili 1874, wachoraji waliochoshwa na Salon walikuwa wamefanya maonyesho yao wenyewe Paris. Walipata nafasi katika jengo alilokuwa akitumia mpiga picha mmoja. Naam, Nadar. Ndiyo maonyesho ambamo Monet aliweka picha ya bandari ya Le Havre kukicha, jua jekundu ndani ya ukungu, na mkosoaji mmoja akalichukua jina la picha hiyo kulifanya kejeli ya kundi zima. Wote wanaikumbuka picha hiyo. Wachache wanakumbuka kwamba Monet alileta pia michoro ya pasteli, na kwamba Boudin, aliyekaribia miaka hamsini, alitundika mafremu ya mbingu za pasteli. Kazi iliyokuwa ikikaa kwenye mikoba na kuonyeshwa kwa marafiki ilitundikwa ukutani mbele ya umma, katika maonyesho yaleyale yenye ukungu wa mwanafunzi wake.

Boudin mwenyewe alikuwa akiishi kwa kazi nyingine. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1860 alikuwa akichora wageni wa Trouville, wanawake wa magauni mapana na wanaume wa kofia ndefu walioletwa na mtindo mpya wa kwenda baharini. Reli ilifika huko mwaka 1863. Picha hizo ziliuzwa. Zinauzwa mpaka leo, kwa bei ambazo zingemfanya akae chini. Lakini mwaka 1867, aliporudi kutoka Bretagne, nyumbani kwa mke wake, ambako watu walikula mkate mweusi na kufanya kazi ngumu, alimwandikia rafiki yake kwamba anaona karibu aibu kuchora kundi lile la wavivu waliojipaka dhahabu. Zitazameni picha hizo kwa makini. Wageni wako chini, wadogo kama mchwa waliovaa vizuri, na sehemu kubwa ya turubai ni mawingu. Aliwapa wateja walichokuja kununua, na juu yake akaweka alichotaka yeye. Camille Corot, bingwa wa mandhari wa kizazi kilichomtangulia, alimwita mfalme wa mbingu.

Utulivu ulikuja kwa kuchelewa. Mwaka 1883 mfanyabiashara Paul Durand-Ruel alimfanyia maonyesho makubwa ya peke yake. Mwaka 1884 alijenga nyumba Deauville. Mwaka 1889 alipata medali ya dhahabu kwenye Maonyesho ya Dunia ya Paris, na mwaka huohuo mke wake akafariki. Mwaka 1892 alipewa nishani ya heshima ya taifa. Afya ilipodhoofika alikuwa akienda kusini kutafuta joto, akafika Venice mara kadhaa, akachora mbingu za Venice kana kwamba zimetoka Normandy. Mwaka 1898, alipojua hatapona, aliomba arudishwe Deauville. Alifariki huko tarehe 8 Agosti, mbele ya bahari ya Manche.

Alizikwa Paris, Montmartre. Ndugu yake Louis aliupa mji wa Le Havre kazi zaidi ya 200 zilizobaki katika chumba cha kazi cha marehemu, na Honfleur kuna jumba la makumbusho lenye jina lake, alilosaidia kulianzisha mwenyewe mwaka 1868. Jengo la zamani la makumbusho la Le Havre liliteketea kwa mabomu ya Septemba 1944. La sasa lilifunguliwa mwaka 1961, mdomoni mwa bandari, kuta zake ni za vioo, na mwanga wa baharini unaingia mpaka ndani, uleule aliokuwa akiupangusa kwa kidole.

Ila mbingu zake za chaki hazivumilii mwanga huo. Karatasi huchakaa, baadhi ya rangi hufifia, na unga huporomoka kwa mtikisiko mdogo, kwa hiyo kila pasteli inawekwa chini ya kioo kisichoigusa. Zile za Boudin, zinapohifadhiwa, hukaa gizani muda mwingi. Hutolewa kwa miezi michache, chumba kikiwa na mwanga hafifu, kisha zinarudishwa.